Usilie lah, mama

Mafuta yalinirukia mkononi Jumamosi asubuhi nikikaanga maandazi. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nguo za majirani zikining'inia kwenye mianzi nje ya ghorofa. Nilikimbilia bomba, machozi yakanitoka yenyewe. Mwanangu, ana miaka mitatu na nusu, akaja mbio akanishika kanga. Akainua uso, akapuliza hewa kuelekea juu, mkono wangu wenyewe uko kwenye maji, akasema:

"Pole mama. Usilie lah."

Nilimbusu kichwani, nikamwambia ahsante. Kisha nikamsahihisha.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Siyo 'usilie lah'. Sema: usilie, mama."

"Usilie, mama," akarudia kwa utiifu, akarudi kwenye magari yake.

Sentensi ilikuwa imenyooka. Nami nikabaki pale kwenye bomba nikihisi kama mtu aliyewekewa mkono begani, kisha mkono ukaondolewa.

Wiki tano zimepita. Kovu limekuwa doa dogo la rangi ya chai. Lile neno bado liko nami.

Mlango wa pili

Tunaishi Bedok, mashariki ya Singapuri. Kazi ya mume wangu ya kutengeneza meli ndiyo iliyotuleta. Mlango wa pili anaishi bibi mmoja anayemlea mjukuu wake wa kike, na tangu nilipopata kazi ya nusu siku, mwanangu hushinda kwake mchana. Mimi humwita Auntie, kama wanawake wote wa makamo wanavyoitwa hapa. Mwanangu humwita Ah Ma, kwa sababu mwenzake anamwita hivyo, na Ah Ma ni bibi.

Kiingereza cha Ah Ma ndicho wanachokiita Singlish. Mwanzoni nilisikia kelele tu mwishoni mwa sentensi: lah, leh, lor, meh, hor. Nilidhani ni namna ya kuvuta pumzi. Baada ya miezi kadhaa ya kusimama mlangoni kwake nikisubiri viatu vivaliwe, nikaanza kusikia kazi inayofanyika pale mwishoni.

Mtoto anachezea chakula. Ah Ma anamwambia *eat lah*. Hiyo ni kula basi, kula mwanangu, nani anakukimbiza? Bila lah ingekuwa amri ya askari.

Mtoto anashuka ngazi. *Slowly hor.* Sauti inapanda kidogo, inangoja jibu. Polepole, ee? Umenisikia, ee? Hor haimwachi mtoto aondoke kabla hajatikisa kichwa.

Mtoto ameanguka, analia kuliko alivyoumia. *Pain meh?* Meh ni shaka tupu: kwani inauma? Na ajabu ni kwamba mtoto hunyamaza kidogo ili afikirie, kwa kuwa ameulizwa kama mtu mwenye akili zake.

Mtoto amemsukuma mwenzake. *Not nice leh.* Leh inalalamika kwa upole, kama mtu anayekuvuta mkono wa shati: jamani, mbona hivyo?

Puto limepasuka. *Burst already lor.* Lor hainung'uniki. Ndiyo hivyo tena, tufanyeje.

Halafu ipo *what*, ambayo hapa haiulizi chochote. Inashuka chini, nzito: *I told you what.* Hiyo, kila aliyelelewa na mama wa Pwani anaijua kwa jina lake. Si nilikuambia!

Ondoa vijineno hivyo vyote, na hakuna habari itakayopotea. Chakula ni kile kile, ngazi ni zile zile, puto limepasuka vile vile. Kinachoondoka ni Ah Ma mwenyewe.

Safi

Lakini sikufika hapo kirahisi, na sitaki kujifanya nilifika.

Nilipohamia hapa nilikuwa upande wa serikali. Mwaka 1999 waziri mkuu wa wakati huo, Goh Chok Tong, alilalamika hadharani juu ya mhusika wa kuchekesha wa televisheni aliyekuwa akiongea Singlish, kwa hofu kwamba watoto wangeiga. Mwaka 2000 ikazinduliwa kampeni ya taifa ya kuongea Kiingereza kizuri. Hoja ni rahisi kueleweka: nchi ndogo, haina mafuta wala madini, inaishi kwa biashara na dunia, na dunia lazima imwelewe mtoto wake. Mimi nilisoma kwa shida, Kiingereza kikiwa ndicho mlango wa kila kitu. Hoja hiyo sikuhitaji kushawishiwa.

Nami nilikuwa na kampeni yangu nyumbani. Mtoto anayekulia Bedok atasikia Kiswahili kutoka kwa watu wawili tu, na mmoja wao anarudi saa mbili usiku kachoka. Kwa hiyo niliapa kwamba hicho kidogo atakachosikia kitakuwa kisafi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Ukimwomba kitu kwa neno moja alikungoja hadi useme sentensi nzima. Nilimwogopa, nikamheshimu, na nilipopata mtoto nikajikuta naongea kwa sauti yake.

"Hiki ni nini? Hiki ni kikombe."

"Kikombe kiko wapi? Kikombe kiko juu ya meza."

"Kikombe ni cha nani? Kikombe ni changu."

Ngeli zote zilikaa sawa. Niliona fahari, na sijui kama ilikuwa fahari mbaya. Mtoto wa miaka mitatu anayesema *kikombe changu* na *gari langu* bila kujikwaa, maelfu ya maili kutoka nyumbani, ni kazi ya jasho. Wazazi wenzangu wa ughaibuni mnajua.

Ndiyo maana ile lah ilinichoma. Niliiona kama mdudu kwenye unga.

Taarifa ya habari

Aliyeniamsha ni mama yangu.

Huwa tunamtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp kila Ijumaa. Wiki ile ya maandazi mwanangu alimweleza habari ya mkono wangu: "Bibi, shikamoo. Mama ameungua mkono. Mkono wa mama una dawa. Mimi nimekula andazi moja." Nilituma nikiwa na furaha.

Jibu likaja usiku. Mama alianza kwa mjukuu wake, kwa ile sauti yake iliyojaa kicheko: "Marahaba, mume wangu! Kumbe andazi umekula? Na mama ameungua? Jamani! Hebu niambie, ulimpa pole wewe?" Kisha akageukia kwangu, sauti ikashuka.

"Mwanangu, huyu mtoto anaongea vizuri sana. Lakini mbona anaongea kama anasoma taarifa ya habari?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba huku si Tanga, kwamba wenzake wa umri ule hapa hawajui hata neno moja la lugha za wazazi wao, kwamba nafanya niwezavyo. Hakujibu hadi asubuhi, akasema tu, "Sijakulaumu, mama."

Siku hiyo, mtoto yuko kwa Ah Ma, nilirudi nyuma kwenye simu. Nilisikiliza jumbe za miezi, zile ambazo sauti yangu inasikika nikimwelekeza mtoto aseme nini. Mle ndani hamna *kumbe*. Hamna *hebu*. *Mbona* hamna, *kwani* hamna, *jamani* hamna. *Basi* niliipata moja, nayo ni ya ukali: "Basi!" Yaani acha.

Kisha nikasikiliza tena ule ujumbe mmoja wa mama. Dakika isiyofika, na kumbe, jamani na hebu ziko kabla hata hajafika kwenye habari yenyewe.

Nilikuwa nimempa mwanangu nyumba yenye kuta nzuri, isiyo na mlango hata mmoja.

Nafasi iliyo wazi

Hapo likaanza swali lililoninyima usingizi. Mtoto alichukua lah kwa sababu anaisikia kutwa nzima? Au aliichukua kwa sababu Kiswahili nilichompa hakikuwa na neno la kuweka pale?

Mume wangu anashika la kwanza. Kwake hakuna fumbo. Mtoto anashinda na Ah Ma saa tano kila siku, angeshinda na Mchaga angesema Kichaga. Ana haki. Sina namna ya kumpinga kwa ushahidi, mtoto ni mmoja na hawezi kulelewa mara mbili.

Ila kuna jambo haliniachi. Mwanangu hachanganyi ovyo. Anaposema majina ya vitu kwa Kiswahili, hachomeki kikombe cha Kiingereza. Anapohesabu, anahesabu moja kwa moja hadi kumi. Lah na hor hutokea mahali pamoja tu: anapotaka kitu kutoka kwa moyo wa mtu. Anapobembeleza, anapoomba, anapotuliza. *Twende lah. Kidogo tu hor? Usilie lah.* Anapotoa habari, hazipo.

Nimesoma kidogo, kadiri mtu asiye mtaalamu anavyoweza. Anthea Fraser Gupta, mtaalamu wa isimu aliyechunguza Kiingereza cha watoto wa Singapuri, alivipanga vijineno hivi mwaka 1992 kwa kadiri msemaji anavyojifunga kwa analolisema: upande mmoja vya kupinga, katikati vya kusisitiza, upande wa pili vya kulegeza na kuuliza. Niliposoma mpangilio huo nikafikiria jinsi mtoto anavyoingia humo. Hakuna anayemfundisha kwamba lah ina nguvu kuliko hor. Ah Ma hawezi kumweleza, nilimuuliza akashindwa. Mtoto anajifunza kwa kutazama uso wa mtu mzima wakati neno linatoka.

Na mahali penyewe panasaidia. Vijineno vya Singlish hukaa mwishoni, pale sauti inapotua, ndiyo sehemu ya sentensi ambayo sikio la mtoto huishika upesi. Vyetu vingi hutangulia. *Mbona* hufungua, *kwani* hufungua, *hebu*, *kumbe* na *eti* zote hufungua, na *si* hukaa mbele ya kitenzi. Mtoto akifika kwenye kitenzi ameshazisahau. Lakini *basi*, *bwana* na *jamani* zinaweza kukaa mwisho, na zikikaa mwisho hulainika. "Basi, njoo" ni amri. "Njoo basi" ni ombi. Neno lile lile, limehama tu upande. Neno lenyewe lilitoka Uajemi likiwa na maana ya kutosha, likafika kwetu likajifunza kubembeleza.

Kwa hiyo kweli kulikuwa na nafasi wazi mwishoni mwa sentensi za mwanangu. Na mimi ndiye niliyeifagia.

Kijiko cha chumvi

Kosa la pili lilikuwa kutaka kurekebisha la kwanza kwa njia ile ile.

Niliamua kuvitia. Jumatatu nikaanza: "Kula basi. Vaa kiatu basi. Hebu leta kikombe. Mbona hujaleta kikombe?" Nilivipima kama chumvi kwenye kijiko. Mwanangu alinitazama vile wanavyotazama mtu aliyekuja na miwani mipya. Siku ya tatu akaniuliza, "Mama umekasirika?"

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nafundisha, naye alisikia tofauti kabla yangu.

Vijineno hivi haviongopi vizuri. Kikombe unaweza kukitaja huku unawaza kodi ya nyumba, na kitabaki kikombe. *Jamani* huwezi kuisema huku hupo. *Kumbe* isiyo na mshangao ndani yake mtoto huisikia kwamba ni tupu. Ah Ma hakuwahi kukaa chini amfundishe mwanangu lah. Alikuwa anamlisha.

Niliacha kufundisha kwa wiki moja, nione. Ilikuwa wiki ngumu kwangu kuliko kwake. Nilipika naye, nikamwachia unga, nikamweleza habari za mtu aliyenikera kazini kana kwamba naongea na dada yangu. "Ati ananiambia nimechelewa! Mimi! Kwani nilikuwa wapi? Si nilikuwa pale pale!" Mwanangu aliacha kukanda. Macho yakamtoka.

"Ati!" akasema. Hakuijua. Aliionja tu.

"Ati," nikamwambia.

"Ati umechelewa!" akapiga meza, unga ukaruka.

Hatukusahihishana siku hiyo.

Ah Ma

Nilikuwa bado nikifikiri kwamba habari hii ni ya Kiswahili changu. Kisha jioni moja, tumekaa chini ya ghorofa watoto wakiendesha baiskeli, nikamuuliza Ah Ma alijifunzia wapi Kiingereza.

Sokoni, akasema. Aliuza mboga miaka mingi. Mama yake hakujua neno lake. Kwao walikuwa wakiongea Kihokkien tu, lahaja mojawapo ya Kichina, nyumba nzima, mtaa mzima.

Na mjukuu?

Akatikisa kichwa. Binti yake alianza shule baada ya 1979. Mwaka huo serikali ilianza kampeni ya kuwataka Wachina wote waongee Kimandarini, waache lahaja za nyumbani. Vipindi vya Kihokkien na Kikantoni vikaondolewa hatua kwa hatua kwenye redio na televisheni. Wazazi waliambiwa kwamba lahaja zitamlemea mtoto, na Ah Ma, aliyetaka binti yake afaulu, akatii. Binti akafaulu. Leo binti anamlea wa kwake kwa Kiingereza, na si yeye peke yake: katika sensa ya 2010, wakazi asilimia 32.3 wa miaka mitano na zaidi walisema Kiingereza ndicho wanachokiongea zaidi nyumbani, na kufikia 2020 walikuwa asilimia 48.3.

"Nikiota, naota Kihokkien," akaniambia. "Nikiamka, hakuna wa kumweleza."

Mjukuu wake akapita kwa kasi kwenye baiskeli. "Careful hor!" akaita.

Hor hiyo wataalamu wengi huihusisha na Kihokkien. Meh na lor huzihusisha na Kikantoni, pamoja na mlio wake. Lah wanaibishania: wengine husema ni ya Wachina, wengine huitaja ile -lah ya Kimalei, ambayo imo hata kwenye jina la wimbo wa taifa, *Majulah Singapura*, uliotungwa na Zubir Said mwaka 1958. Sina uwezo wa kuamua ugomvi huo. Mimi nilikuwa nikimtazama mwanamke aliyekubali kuikunja lugha ya mama yake na kuiweka kabatini kwa ajili ya mtoto, kisha kipande chake kimoja kikabaki nje, sauti moja tu, na hicho kipande ndicho anachokitumia akiogopa mjukuu wake asiumie.

Nacho ndicho alichompa mwanangu. Nami nilikiita mdudu.

Ijumaa

Ijumaa iliyopita sikumwelekeza mtoto cha kusema. Nilimpa simu nikaenda kuanika nguo. Alimweleza bibi yake habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu, ya paka na lifti, na katikati nikasikia "ati paka anaogopa!" na mwishoni nikasikia "bibi, uje lah."

Mama akapiga simu badala ya kujibu kwa sauti. Alikuwa anacheka.

"Hiyo la ndiyo nini?"

Nilimweleza. Nilijikanyaga. Nikamwambia haina maana yake yenyewe, ni ya kulainisha, ni ya kumvuta mtu karibu, ni kama basi lakini siyo basi. Nikamweleza na ya Ah Ma, na mama yake Ah Ma, na baiskeli.

Mama akakaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Unajua hii *ee* yangu?" akasema.

Naijua. Sote nyumbani tunaijua, tulikuwa tukimwigiza tukiwa wadogo. Mama hamalizi neno bila kuvuta *ee* ndefu, inayoshuka kisha inapanda. Umekula, ee? Mfunge mlango, ee? Nilidhani ni yake.

"Ni ya bibi yako mzaa mimi. Yeye alikuwa Mbondei wa Muheza, wewe hukumkuta. Alikuwa akituita hivyo jioni, kwa Kibondei, na mwishoni anavuta."

Nilimuuliza alikuwa akisema nini.

"Sijui, mwanangu. Baba hakutaka tuongee Kibondei, alitaka tujue Kiswahili tusome. Maneno yote yamenitoka." Nilisikia kiti chake kikilia, anainuka. "Ila hiyo ee sikuisahau."

Mwanangu alikuwa amerudi, ananivuta kanga, anataka simu. Nikampa.

"Mume wangu," mama akamwambia, "kwako ni usiku sasa. Haya basi, ukalale. Usimsumbue mama, ee?"

"Ee," akajibu, akaivuta.